Saa Tatu Tunafunga

Jumatatu, 2 Machi

Mvua zimeanza. Mwalimu wa Hesabu ndiye aliyetutangazia, kama kila mwaka. Ana kopo lake lenye rula nje ya dirisha, na nikishawasha tu kompyuta saa kumi na mbili asubuhi, ujumbe wake ndio unaoingia wa kwanza: "Milimita 6. Habari za asubuhi." Hajawahi kuongeza neno wala kupunguza. Miaka minne sasa yule mzee ndiye anayenifungulia siku. Nampenda bure.

Daftari hili nimelianza kwa ajili ya mambo ya Uani, mtandao wetu, ambayo siwezi kuyaandika Uani kwenyewe. Kule nasomwa na watu mia tatu na kumi na wawili. Hapa najisoma mwenyewe, na nina maneno mengi kifuani.

Jumatano, 4 Machi

Leo kaja bwana mmoja mwenye tai ya kijani, viatu vimejaa tope, kutoka kampuni ya matangazo.

"Bi Karani," akaniita. Nilikuwa karani wa shule miaka thelathini na moja na jina limeniganda. "Nimesikia una mtandao wa kijamii."

"Ninao. Umeuegemea."

Akaruka. Kompyuta iko juu ya meza yangu ya kupigia pasi, feni yake inanguruma mchana kutwa, na pembeni kuna ndoo ya kukingia matone ya dari. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo Uani, yote, hakuna nyingine iliyofichwa mahali. Fundi, fundi redio mstaafu aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeiunda, na mimi ndiye ninayeiwasha na kuizima.

Akauliza wanaingia watu wangapi kwa siku. Sijui. Hujui? Sihesabu. Wanapenda nini zaidi? Waulize wenyewe. Akatoa jasho kidogo, kisha akasema angeweka tangazo dogo tu la sabuni, pembeni kabisa, halitamsumbua mtu. Nikamsomea maneno tuliyoyaandika kwenye ukurasa wa kuingilia: "Hapa hakuna matangazo. Hapa hakuna mashine ya kukuchagulia cha kusoma. Utasoma kilichoandikwa, kwa zamu yake. Hapa huhesabiwi. Saa tatu usiku tunafunga, kalale."

"Mnafunga?" akasema. "Mtandao gani unafungwa usiku?"

"Wangu."

Kaondoka na sabuni yake. Ameniachia tope mlangoni, nimepiga deki mara mbili.

Jumamosi, 7 Machi

Binti yangu kaja kunisalimia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, na kabla hajakaa kitako keshaanza. Yeye kazi yake ni hiyohiyo ya matangazo, huko kwenye mitandao mikubwa. Kajiunga Uani tangu mwanzo, lakini hajaandika hata herufi moja. Anasoma tu.

"Mama, mtu akiandika jambo la maana, linafunikwa na watu themanini wanaobishania mpira. Mashine ingelipandisha juu."

"Nani kaiambia mashine lipi la maana?"

"Inajifunza."

"Kwa nani? Kwa muuza sabuni?"

Akanikata jicho. Hatukugombana sana, tulikula, tukacheka kidogo, akanikunjia nguo. Lakini alipoaga aliniambia, "Siku moja hicho kiburi chako kitamuumiza mtu." Sikupenda. Mtoto niliyemfundisha kuandika jina lake kwa mashine ya chapa!

Jumanne, 10 Machi

Milimita 22. Nguo hazikauki.

Jumapili, 15 Machi

Mabishano ya mpira, ujumbe mia na arobaini. Nimeusoma wote. Utaratibu wangu ni mmoja: naanzia nilipoishia, nashuka mpaka wa mwisho, siruki mtu. Kila mtu ana zamu yake, kama foleni ya dirishani shuleni. Mwenye sauti kubwa na mwenye sauti ndogo wote wanasubiri. Na wote wanasikilizwa.

Katikati ya kelele zile, Mkunga kaandika: "Goti langu la kushoto limegoma leo. Nimelipa onyo la mwisho." Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Mkunga mstaafu yule, mitaa miwili kutoka kwangu, anaishi peke yake. Nusu ya watu wa Uani aliwapokea yeye walipozaliwa, na sasa anawachekesha bila kuwatoza kitu. Siku asipoandika kichekesho, Uani huwa kama chai isiyo na sukari.

Alhamisi, 19 Machi

Milimita 35. Paka wa jirani kalala juu ya kompyuta kwa sababu ni ya moto. Nimemwacha.

Alhamisi, 26 Machi

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Jana mvua ilinyesha tangu mchana. Umeme ulikatika mara mbili, na ulipokuwa unarudi watu walimiminika Uani: barabara ipi imejaa maji, nani ana mshumaa, nani kamwona mbuzi wake. Mpaka jioni ujumbe ulikuwa umepita mia mbili. Nilikaa na chai yangu nikawa nasoma, kwa zamu. Ilipofika saa tatu kasoro dakika mbili, nilikuwa kwenye ujumbe wa saa mbili na robo. Ulibaki kama arobaini. Nikasema kesho. Nikaandika kama ninavyoandika kila siku, "Tunafunga, kalaleni," nikazima. Nikalala. Nililala usingizi mzuri, na hilo ndilo linalonitafuna.

Asubuhi nikawasha. "Milimita 61. Habari za asubuhi." Nikaendelea pale nilipoishia. Ujumbe wa ishirini na tisa ulikuwa wa Mkunga, ulioandikwa saa mbili na dakika arobaini na moja usiku:

"Sakafu ya jikoni kwangu imenikumbatia leo na haitaki kuniachia. Mwenye nguvu za kuninyanyua aje, chai ipo."

Nilicheka. Lazima niandike hilo pia: nilicheka, nikamimina chai. Halafu nikashuka kutafuta mkia wa kichekesho, maana Mkunga haachi kichekesho bila mkia. Hakukuwa na kitu. Hakuna hata mtu mmoja aliyemjibu. Nikampigia simu, imezimwa.

Nilitoka na ndala na gauni la kulalia. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani, na jirani yake, mwoka mikate, akaja na nondo tukauvunja. Mkunga alikuwa sakafuni jikoni, ubavu mmoja ndani ya maji yaliyopita chini ya mlango wa nyuma. Mguu umegeukia pasipogeukia mguu. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikapiga magoti kwenye maji nikamshika uso.

Akafumbua macho, akaniuliza, "Mmeshafungua?"

Mwoka mikate alikwenda kutafuta gari, nami nikabaki nimemfunika kwa shuka lake na kitambaa cha meza.

Jumamosi, 28 Machi

Nyonga imevunjika. Wamempasua, ametoka salama, lakini kifua kimeshikwa na baridi na madaktari hawasemi neno la kueleweka. Muda mwingi amelala.

Binti alinikuta kwenye korido ya hospitali. Alinikumbatia, tukakaa. Kisha hakuweza kujizuia.

"Mama, sitaki kukuumiza. Lakini mashine ingeona neno 'kuninyanyua', ingeupandisha ule ujumbe."

"Mashine ingeona neno 'sakafu', ingemletea sabuni."

Nilisema hivyo kwa ukali, kisha nikalia mbele za watu. Kwa sababu sabuni au si sabuni, mimi ndiye niliyezima. Aliona anafungiwa mlango usoni akiwa chini, na mwenye ufunguo ni mimi.

Jumatatu, 30 Machi

"Milimita 18. Leo nina la kuongeza."

Miaka minne! Na aliyoyaongeza Mwalimu ni haya, nayanakili neno kwa neno: "Mama yetu alilala kwenye maji zaidi ya masaa tisa kwa sababu mtandao wetu una saa za kazi kama posta. Ungekuwa wazi, kuna mtu angeona. Simlaumu mtu moyo wake, nalaumu utaratibu. Napendekeza mkutano wa wote, tukubaliane kuhamia kwenye mtandao mkubwa usiolala, wenye mashine ya kuchuja habari za dharura. Bi Karani apumzike, amefanya kazi nzuri."

Apumzike! Nimefanya kazi nzuri! Looh! Mtu anakuzika na anakusifu hapohapo. Fundi alinipigia akauliza kama nautoa ule ujumbe. Nikamwambia thubutu. Hatujawahi kufuta maneno ya mtu, hatutaanza na yanayonichoma mimi.

Ijumaa, 3 Aprili

Watu thelathini na mmoja wamejitoa. Wengine wameandika barua nzuri, wengine wameondoka kimyakimya. Mmoja kaandika, "Uani imemuua Mkunga," na Mkunga yuko hai anakunywa uji! Mkutano umepangwa Jumamosi ya tarehe 9 Mei, ukumbi wa shule ya msingi. Wengi wakitaka kuhama, nitazima kompyuta hii na sitaiwasha tena. Kuitazama ikiwa tupu nitashindwa.

Sina kitu kingine, ukweli ndio huo. Watoto wamekua, mwenzangu alishatangulia, shule ilinipa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Uani ndiyo mahali pekee ambapo mtu akiniita Bi Karani mimi naitika na kuna kazi ya kufanya.

Jumatano, 8 Aprili

Milimita 27. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumanne, 14 Aprili

Fundi kaja mchana, shati limelowa chapachapa, akakataa kiti.

"Dada, kuna jambo sijakwambia."

"Sema."

"Kompyuta inaweka kumbukumbu. Nani kafungua ukurasa, saa ngapi. Inaziweka siku arobaini kisha inazifuta yenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilikuwa napiga pasi. Nusura nimrushie, na ilikuwa ya moto. Nikamwambia mlangoni tumeandika kwa herufi kubwa kwamba mtu hahesabiwi, na mimi nimewasomea watu maneno yale nikiwa nimetoa kifua mbele. Miaka minne nimekuwa mwongo na sijui!

"Hawahesabiwi, dada. Wameandikwa tu, ili ukitokea ubovu nijue umeanzia wapi."

"Ebo! Na hiyo tofauti ungewaeleza wewe?"

Akainamisha kichwa. Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Usiku ule, kati ya ujumbe wa Mkunga na saa tatu, ukurasa ulifunguliwa na watu kumi na mmoja. Waliuona, dada. Kumi na mmoja waliuona na hakuna aliyetoka. Nimeandika majina kwa mkono wangu. Kuna moja litakufurahisha."

Nilijua papo hapo anasema jina la nani. Kwa hiyo tulikuwa wazi! Mlango ulikuwa wazi, watu walikuwa ndani, na huyu ndiye anayenipaka matope kila asubuhi baada ya milimita zake! Nikamwambia Fundi aweke karatasi mezani aende zake.

Jumatano, 15 Aprili

Sijaifungua. Iko hapa karibu na pasi. Nimepiga pasi mashuka manne nikiizunguka.

Leo Mwalimu kaandika: "Milimita 30. Nasisitiza, wajibu ni wa aliyefunga." Nikanyoosha mkono mpaka nikaishika. Ningeisoma mkutanoni kwa sauti ya karani, kama nilivyokuwa nasoma majina ya watoro mbele ya shule nzima. Ningewaona nyuso zao. Ee, ningefurahi kweli, siku nzima ningefurahi.

Halafu nikakumbuka nyuso za wale watoro. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupenda shule kwa sababu nilimsoma jina.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimeitumbukiza karatasi ndani ya ndoo ya matone, bila kuikunjua. Wino ukatoka, maji yakawa ya bluu, nikayamwaga chooni. Kisha nikampigia Fundi aje mara moja.

"Futa kumbukumbu zote. Na kuanzia leo isiandike tena."

"Ikiharibika nitatengenezaje?"

"Utatengeneza kwa shida. Wewe ni fundi."

"Dada, fikiri. Ngoja basi hata tarehe nne Mei, zitajifuta zenyewe."

"Nikingoja nitachungulia. Najijua."

"Na utajisafisha vipi mbele ya watu?"

"Sitajisafisha. Nitanuka hivihivi."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu yule mama aanguke. Akakaa, akafuta, nami nimesimama nyuma yake nikiangalia kila alichobonyeza. Alipomaliza akasema sasa maneno ya mlangoni ni ya kweli. Nikamkaangia mayai.

Jumatatu, 20 Aprili

Mkunga kaamka sawasawa! Kifua kimefunguka, ameketi, na alikuwa anamgombeza muuguzi jinsi ya kukunja shuka. Nikangoja tubaki wawili nikamwuliza lile lililokuwa linanikaba.

"Dada mkubwa, simu ulikuwa nayo mkononi. Kwa nini hukumpigia mtu?"

"Ningempigia nani? Ukimpigia mtu umemlazimisha. Uani unasema tu, anayetaka anasikia."

"Ungesema basi kwamba umevunjika! Umeandika kichekesho!"

Akatazama dirishani. "Miaka thelathini na minane nimewaambia wanawake pigeni kelele, msione haya, pigeni kelele. Yakanifika mimi, sikujua zinavyopigwa."

Nikamwomba radhi. Sikuzungukazunguka, nilimwambia nilikwenda kulala nimeacha watu arobaini sijawasoma, na yeye akiwa mmoja wao.

"Hilo ulinikosea," akasema, "na nimelikasirikia, usidhani nacheka tu. Kufunga funga. Lakini mtu hafungi nyumba bila kuangalia nani kabaki uani." Kisha akanishika mkono kwa nguvu zile za kazi yake. "Na ukiipeleka Uani kwa wauza sabuni, mimi na wewe tusisemeshane tena."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua yote ikinipiga, na sikuhisi baridi.

Jumapili, 26 Aprili

Milimita 44. Hakuna jipya. Nimepiga moyo konde.

Jumatatu, 4 Mei

Milimita 9. Leo ni siku ya arobaini. Nisingezifuta zile kumbukumbu, zingejifuta leo. Sijuti hata chembe. Najuta kidogo.

Jumamosi, 9 Mei

Mkutano. Nimerudi sasa hivi, jua bado lipo, sijavua hata viatu.

Watu tisini na sita, wote tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu alisimama mbele na chaki. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikuwa amekonda, na chaki ilimponyoka mara mbili. Akachora saa ubaoni, akatia kivuli masaa tisa. "Hapa," akasema, "hakukuwa na jicho hata moja." Watu wakaguna. Mtu akapiga kelele kwamba nijibu.

Nikaenda mbele. Nilisema hivi, na nilisema kwa sauti ya shuleni:

"Nililala bila kumaliza kusoma. Kosa ni langu na nimeshamwomba radhi mwenyewe. Sasa sikilizeni la pili. Kompyuta yangu ilikuwa inaandika nani kafungua ukurasa na saa ngapi. Sikujua, lakini niliwaahidi kwamba hamhesabiwi, kwa hiyo niliwadanganya. Usiku ule kuna watu waliusoma ujumbe wa Mkunga kabla sijafunga. Majina yao nililetewa mezani kwangu."

Nikasikia bomba la nje linavuja.

"Sikuyasoma. Nimeyafuta, na hayaandikwi tena. Mnaotaka mtandao unaojua mmetazama nini na kwa dakika ngapi, uko, nendeni, mtapokelewa na sabuni. Mimi sina mashine ya kuwaambia lipi la maana. Nina nyinyi. Na kama nyinyi hamtoshi, basi hata ile mashine itakuwa inampandishia ujumbe juu mtu anayecheka na kulala."

"Umefuta!" akapiga kelele mmoja. "Kwa hiyo hatutajua kamwe!"

"Hamtajua."

Nikawa nageuka kurudi dawatini kwangu. Nyuma kabisa dawati likalia, mtu kasimama. Binti yangu.

"Niliusoma mimi," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Niliusoma mimi. Nilikuwa kitandani na simu. Nilicheka. Nikaandika 'hahaha', halafu nikaifuta kwa sababu huwa siandiki Uani." Akanitazama. "Mama, wiki sita nimekwambia habari za mashine. Nilikuwa naogopa usije ukaniuliza nilikuwa wapi."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa nimeshika karatasi ile siku mbili nikiwaza jina la mtu mwingine, na jina la mwanangu lilikuwa humo humo. Nikashika ubao.

Kisha mwoka mikate akasimama, yule jirani wa ukuta mmoja na Mkunga, aliyevunja mlango pamoja nami. Akasema aliusoma na alidhani ni utani. Alikuwa akilia kwa sauti, mwanamume mzima na mikono yake mikubwa. Akasimama mwingine. Na mwingine. Saba wote, mmoja mmoja, hakuna aliyewaita.

Mwalimu wa Hesabu hakusimama. Alikuwa anajifuta chaki vidoleni, kidole baada ya kidole, na vidole vilishakuwa safi.

Wakapiga kura kwa mikono. Kumi na tisa wanahama, wengine wanabaki. Tumekubaliana jambo moja jipya: kila jioni kuanzia saa mbili na nusu watu wawili wa zamu watasoma kuanzia ujumbe wa mwisho kwenda juu, wakati mimi nasoma kutoka juu kwenda chini, mpaka tukutane. Aliyeandika kuhusu sakafu, goti, kifua au upweke, hata kama kachekesha namna gani, anagongewa mlango. Tukishakutana ndipo nafunga. Binti kachukua Jumatano, na Mwalimu alikuwa ameshatoka.

Mtu mmoja aliuliza, sasa si bora tukeshe wazi tu? Nikamwambia ng'o. Saa tatu tunafunga.

Jumatano, 13 Mei

Zamu ya kwanza ya Binti. Kaandika Uani kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Nimefika mwisho. Wote wazima. Mama, funga." Nimeitazama mpaka macho yakaingia ukungu.

Jumamosi, 16 Mei

Siku ya saba hakuna milimita. Mwanzo nilifurahi. Juzi nikajikuta nimekaa saa kumi na mbili na dakika tano natazama ukurasa mtupu na chai inapoa. Kuna mtu kauliza, "Jamani, mvua imenyesha kiasi gani?" na hakuna aliyejua. Mashuka yangu yamekauka kwa siku moja, basi huenda haikunyesha. Hajajitoa, jina lake bado lipo. Hajaandika tu.

Mkunga anatoka hospitali kesho. Anatembelea magongo mawili na kayapa majina, hayaandikiki.

Jumatatu, 18 Mei

Mbingu nyeupe, hakuna wingu. Nimewasha saa kumi na mbili kamili. Dakika moja baadaye:

"Milimita 0. Niliusoma mimi pia. Nilicheka, nikazima taa, nikalala. Kila asubuhi tangu siku ile nimekuwa nikitafuta utaratibu wa kuulaumu. Habari za asubuhi."

Nilisoma mara tatu. Nilianza kuandika jibu, nikafuta, nikaanza tena. Kabla sijapata neno, Mkunga akaingia, kutoka kitandani kwake, mitaa miwili kutoka hapa:

"Angalau kilichekesha?"

Mwalimu hajajibu. Dakika kumi, dakika ishirini, kimya. Maneno yake yamekaa pale juu kabisa, na watu wanaamka mmoja mmoja wanayakuta. Sijui wangapi, na sitajua. Nimeiacha kompyuta wazi, nimevaa viatu, nimechukua mwavuli kwa mazoea tu. Naenda kumgongea mlango.